Hewa ya Kisumu na magharibi mwa Kenya: tuipime vipi ili tujue inaelekea wapi?

Mwanzilishi wa uzi

Wanajukwaa, salaam. Mijadala ya uchafuzi wa hewa nchini mwetu huanzia Nairobi na kuishia huko huko, ilhali sisi tulio Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega, Bungoma na hata Nakuru hatuna la kusema kuhusu hewa yetu zaidi ya "leo kuna vumbi" au "leo kuna moshi". Naomba tujadili jambo moja mahususi. Mtu akituuliza kama hewa ya Kisumu ya mwaka huu ni safi au ni chafu kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita, tutamjibu kwa kutegemea nini?

Pua haitoshi. Harufu na rangi ya moshi hutuonya, lakini kinachoua watu wengi zaidi ni chembechembe zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, zinazojulikana kama PM2.5, ambazo hupita puani na kooni bila kunaswa, zikafika hadi kwenye vifuko vya mapafu vinavyoipa damu oksijeni, na nyingine zikaingia kwenye damu yenyewe. Ndiyo sababu madhara yake hayaishii kwenye kikohozi na pumu, bali yanafika kwenye mshtuko wa moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na nimonia ya watoto wachanga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa, wa nje na wa majumbani kwa pamoja, unahusishwa na vifo vipatavyo milioni 6.7 kwa mwaka. Mwaka 2021 shirika hilo lilikaza mwongozo wake: wastani wa mwaka wa PM2.5 unaopendekezwa ulishushwa kutoka maikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo hadi 5, na ule wa saa 24 ukashushwa kutoka 25 hadi 15.

Sasa, kupima hewa kwa wiki moja wakati wa warsha, kisha vifaa vikarudishwa kwenye masanduku, kunatupa picha ya wiki hiyo tu. Mwelekeo wa uchafuzi ni habari nyingine kabisa. Mama anapompeleka mtoto kliniki, muuguzi humpima kwa mizani ile ile kila mwezi na kuweka nukta kwenye kadi, na ni ule mstari unaounganisha nukta unaoonyesha kama mtoto anakua au anadhoofika. Nukta moja peke yake haisemi lolote. Hewa nayo inahitaji kupimwa mahali pale pale, kwa kifaa kinachohakikiwa mara kwa mara, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka.

Huku kwetu haja hiyo ni kubwa zaidi kwa sababu majira yanabadilisha hewa kupita kiasi. Januari na Februari mashamba yanatayarishwa, mabua na majani ya miwa yanachomwa, na barabara za murram zinatimua vumbi. Mvua za masika kati ya Machi na Mei huiosha hewa. Kiongozi atakayepima Februari, akapima tena Mei, kisha akatangaza kwamba mpango wake umesafisha mji, atakuwa anajipa sifa ya kazi iliyofanywa na mvua. Februari ilinganishwe na Februari, na zisiwe mbili tu.

Liko pia umbo la mahali penyewe. Kisumu umekaa kwenye ufuo wa Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, kimo cha mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na upande wa kaskazini umekingwa na kuta za Nandi. Mchana ardhi ikipata joto, upepo huvuma kutoka ziwani na kuusukuma moshi wetu bara. Usiku upepo hugeuka, ukashuka kutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na kwa kuwa ardhi imepoa, hewa baridi hulala chini huku hewa yenye joto zaidi ikiifunika kwa juu. Moshi wa chakula cha jioni, wa taka zilizochomwa jua likizama na wa matatu za alfajiri hukosa pa kupandia. Anayepima kwa saa za kazi pekee, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, anazikosa saa mbaya kuliko zote.

Na kisheria, kazi hii ina mwenyewe. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Ipo Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, na chini yake zikatungwa Kanuni za Ubora wa Hewa za 2014, zikisimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Lakini wengi wetu hatuijui vizuri Jedwali la Nne la Katiba, ambalo katika sehemu ya majukumu ya kaunti limetaja waziwazi udhibiti wa uchafuzi wa hewa. Hivyo tunapodai kupimiwa hewa hatuombi hisani ya Nairobi. Tunaidai kaunti ifanye kazi iliyokabidhiwa tangu ugatuzi uanze mwaka 2013.

Karibuni tuchangie. Naomba tusitoke nje ya mada.

Mfanyabiashara wa Kibuye

Ahsante kwa uzi huu. Mimi swali langu ni la mtu wa kawaida. Simu yangu ina programu ya hali ya hewa inayoonyesha ubora wa hewa kwa rangi. Zipo siku nimefungua duka asubuhi, moshi wa taka zilizochomwa nyuma ya vibanda umetanda hadi macho yanawasha, lakini simu inasema Kisumu ni kijani, hewa ni nzuri. Je, simu inanidanganya, au mimi ndiye nisiyeelewa kinachopimwa?

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu, swali lako ndilo moyo wa jambo lenyewe, kwa hiyo niruhusu nilijibu kwa urefu.

Mara nyingi namba ile haikupimwa Kisumu. Imekokotolewa na kompyuta kutokana na picha za setilaiti, utabiri wa upepo na makadirio ya moshi unaotolewa katika eneo pana, kisha ikagawiwa kwa miraba ambayo mmoja wake unaweza kumeza mji mzima pamoja na sehemu ya ziwa. Moshi wa nyuma ya vibanda vyako ni mdogo mno kuonekana kwenye mraba wa ukubwa huo.

Setilaiti zina msaada mkubwa, nisieleweke vibaya. Sentinel-5P ya Ulaya, iliyorushwa Oktoba 2017, hupima gesi ya naitrojeni dioksidi inayotoka kwenye injini na viwanda, na imewawezesha wataalamu kuona miji ambayo haijawahi kuwa na kifaa chochote ardhini. Lakini fikiria inapita lini. Hupita juu ya kila mahali mara moja kwa siku, karibu saa saba na nusu mchana kwa saa za mahali hapo. Kwetu Kisumu huo ni wakati ambapo joto limeinua hewa juu na upepo wa ziwani umeshaanza kufagia mji. Saa moja ya asubuhi, unapofungua duka macho yakiwasha, setilaiti hiyo haipo. Pia mawingu huizuia kuona, nasi wa kando ya ziwa tunayajua mawingu yetu.

Halafu vipo vihisi vya bei nafuu, vile vidogo vinavyofungwa ukutani au kwenye nguzo. Ndani yake kuna feni inayovuta hewa na mwale wa leza. Chembe zikipita mbele ya mwale hutawanya mwanga, na kifaa hukisia uzito wa vumbi kutokana na mwanga uliotawanyika. Ni vifaa vizuri, na Chuo Kikuu cha Makerere cha Kampala, kupitia mradi wake wa AirQo, kimeonyesha kwamba vinaweza kuundwa hapa kwetu Afrika Mashariki vikastahimili vumbi na joto letu. Hata hivyo vina udhaifu ambao kando ya ziwa lazima uzingatiwe. Unyevu wa hewa ukipanda sana, chembe hunyonya maji na kuvimba, nazo zikivimba hutawanya mwanga zaidi, kwa hiyo kifaa husoma uchafu mwingi kuliko uliopo. Alfajiri za Kisumu zina unyevu mwingi, na ni saa zile zile ambazo moshi ni mwingi kweli. Ukikiamini kifaa bila kukisahihisha utatia chumvi. Ukiipuuza alfajiri yote kwa kisingizio cha unyevu utaficha ukweli. Dawa yake inajulikana: vihisi huwekwa kwa miezi kadhaa kando ya mtambo wa rejea, ule unaonasa chembe kwenye karatasi ya chujio na kupima uzito wake, vikalinganishwa katika kiangazi na katika masika, ndipo vikasambazwa mitaani vikiwa na marekebisho yake. Baadaye virudishwe kulinganishwa tena, kwa kuwa feni huchoka na leza hushika vumbi.

Niongeze jambo ambalo halimo katika vitabu vya maelekezo. Visubi vya ziwani vinapoibuka kwa wingi huingia kwenye matundu ya kifaa na kuyaziba, na buibui hupenda sana kujenga humo. Kifaa kisichosafishwa kitaendelea kutuma namba, na namba hizo zitaonekana nzuri kabisa kwenye ramani.

Mwalimu wa Nakuru

Nachangia kidogo kutoka Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Kwetu shida ya kwanza ni vumbi la udongo wa volkeno wakati wa kiangazi, na ya pili ni jaa la Gioto lililo kwenye mteremko wa Menengai, ambako taka zikishika moto moshi hushukia mitaa iliyo chini. Naivasha wana jambo jingine tena: mvuke wa jotoardhi wa Olkaria huja na gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, na huko upimaji hufanywa kwa kuwa mitambo yenyewe inaulazimu. Kwa hiyo, ndugu mwanzilishi, ndani ya kaunti moja tuna uchafuzi wa aina tatu zisizofanana. Kihisi cha chembechembe hakiwezi kuigundua gesi ya Olkaria, na kipima gesi hakitasema lolote kuhusu vumbi la Gilgil. Mpango wa taifa usitununulie kifaa cha aina moja na kukisambaza kwa kaunti zote 47 ili kila gavana apate picha ya uzinduzi.

Muuguzi wa Obunga

Nimesoma kwa makini, na nakubaliana na mengi, lakini naona mnazungumza juu ya hewa ya barabarani na ya juu ya mapaa, wakati wagonjwa ninaowaona wanaumia kwenye jiko.

Anayetaka kuelewa aje huku mtaani Obunga, Kisumu, alasiri. Mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa, ile tunayoiita mgongo wazi, hukaangwa hapa na akina mama kwenye karai kubwa zilizotegwa juu ya mafiga, nyingi zikiwa zimepangwa safu moja. Kuni zikiwa mbichi moshi huwa mzito wa rangi ya kijivu, na mafuta yakipata moto sana hutoa moshi wa pili wa samawati unaokereketa koo. Mama huinama juu ya karai kugeuza samaki, huinuka kupangusa macho kwa pindo la leso, kisha huinama tena, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni, pua yake ikiwa pale pale ilipo pua ya mama. Hiyo ni kazi ya saa nyingi, kila siku, na ndiyo inayolipa karo.

Katika sensa ya 2019 zaidi ya nusu ya kaya nchini zilitaja kuni kuwa nishati yao kuu ya kupikia, na vijiji vya magharibi havina unafuu katika hilo. Sasa kituo kikiwekwa juu ya paa la ofisi katikati ya mji, kikasoma wastani wa saa 24, huyu mama atakuwa wapi katika wastani huo?

Mwanzilishi wa uzi

Dada muuguzi, umesema jambo ambalo mpango wowote wa taifa ukiliacha utakuwa umeacha nusu ya ugonjwa. Nakubali kwamba mama huyo hatakuwemo kabisa kwenye wastani wa kituo cha paani. Kituo cha mji hupima hewa inayomfikia kila mtu. Anachovuta yeye kinapimwa kwa kifaa kidogo cha kuvaa, kinachofungwa begani karibu na pua kwa siku nzima. Vyote viwili vinahitajika, na kimoja kisitumiwe kukataa kingine.

Lakini moshi wa Obunga haubaki Obunga. Jioni unaungana na wa Manyatta, wa Nyalenda na wa barabara ya Kondele, na ukiwa umetanda juu ya mji hakuna anayeweza kusema kwa macho sehemu ipi imetoka kwenye kuni na ipi kwenye dizeli. Karatasi za chujio za mtambo wa rejea zinaweza kusema. Iliyokaa kando ya barabara yenye malori hutoka nyeusi kwa masizi. Ya siku ya vumbi hutoka ya kahawia. Maabara ikiichambua, silikoni na alumini huonyesha udongo, potasiamu huonyesha kuni na majani yaliyochomwa, na masizi pamoja na salfa huelekeza kwenye mafuta ya injini na viwanda. Hapo ndipo kaunti inajua kama shilingi yake ya kwanza iende kwenye lami, kwenye majiko ya akina mama au kwenye ukaguzi wa magari. Bila uchambuzi huo tutaendelea kuwalaumu wenye boda boda kwa kuwa ndio wanaoonekana.

Mkulima mstaafu, Webuye

Wanangu, nami niseme. Sisi wa Webuye tuliishi miaka mingi na kiwanda cha karatasi, tangu kilipoanza miaka ya 1970 hadi kiliposimama 2009. Harufu ya salfa tuliisikia hata tukiwa mbali na mji, na kila mtu ana lake la kusimulia kuhusu mabati na vifua vya watoto. Lakini tulipokaa barazani kudai, tuliulizwa takwimu, nasi hatukuwa na kipimo cha kuweka mezani. Kiwanda kilikuwa na wahandisi, sisi tulikuwa na masimulizi. Kwa hiyo sipingi vipimo.

Ninachouliza ni gharama. Kaunti zetu zinachelewesha hata mishahara ya wauguzi. Je, fedha hizo hazingefaa zaidi kununua mitungi ya gesi kwa akina mama kama wale wa Obunga, badala ya mashine za kutuambia kwamba tunaumia, jambo ambalo tayari tunalijua?

Mwanzilishi wa uzi

Mzee wangu, shikamoo. Ulichosimulia kuhusu Webuye ndicho kilichonifanya nianzishe uzi huu. Watu waliovuta hewa ile kwa zaidi ya miaka thelathini walistahili kuwa na kumbukumbu iliyo mikononi mwao, si mikononi mwa aliyekuwa akitoa moshi.

Kuhusu gharama, mitungi inunuliwe, wala isisubiri mashine. Ila tutajuaje kama imesaidia? Mtungi unaweza kukabidhiwa mbele ya kamera, kisha gesi ikaisha, bei ya kujaza ikamshinda mama, akarudi kwenye kuni huku ripoti ikiendelea kuhesabu kaya "zilizofikiwa". Kipimo kilichokuwepo kabla na kinachoendelea baada ya mradi ndicho kinachoweza kuonyesha kwamba moshi haukupungua, na kwamba ruzuku ilipaswa kuwekwa kwenye kujaza gesi badala ya mtungi wenyewe.

Tazama lililotokea kwenye mafuta. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, uamuzi mkubwa na mzuri. Tena tuna kikomo cha miaka minane kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini. Laiti Kisumu ungekuwa na kituo kimoja cha kudumu tangu 2010, leo tungeweza kumwonyesha kila mwakilishi wadi mstari wa kabla na wa baada, tukasema hapa uamuzi ulifanya kazi, na hapa ongezeko la magari na pikipiki lilikula faida yote.

Wala tusijenge juu ya vifaa vya wageni peke yake. Kwa miaka mingi miji kadhaa ya Afrika, Kampala na Addis Ababa ikiwemo, ilitegemea takwimu zilizotangazwa kutoka kwenye balozi za Marekani, na zilikuwa takwimu nzuri. Machi 2025 Marekani iliacha kuzitangaza. Mstari uliojengwa kwa miaka ulikatika kwa uamuzi uliofanywa Washington, na wenye mapafu hawakuulizwa.

Ninachopendekeza si mashine nyingi. Kituo kimoja cha rejea kwa ukanda wote wa ziwa na magharibi, kinachogharamiwa na kaunti kwa pamoja, na vihisi vichache vilivyosawazishwa nacho, kila kaunti ikiamua vyake kulingana na alivyosema Mwalimu wa Nakuru. Sehemu kubwa ya fedha ielekezwe kwenye utunzaji: fundi aliyeajiriwa, vipuri, karatasi za chujio, na betri. Hiyo betri naisisitiza. Stima hupotea sana jioni, na stima ikipotea jenereta huwashwa madukani na makaa huwashwa majumbani. Kifaa kisicho na betri huzimika katika saa ile ile ambayo uchafuzi unapanda, na wastani wa mwaka unatoka mzuri kwa sababu saa mbaya hazikuandikwa. Takwimu zote, pamoja na pengo lililopo, zichapishwe wazi kila siku, na chuo kama Maseno au Masinde Muliro kipewe nakala ili zisipotee serikali ikibadilika.

Vilevile mahali pachaguliwe kwa akili. Mdomo wa kifaa uwe kimo cha mita 2 hadi 4 kutoka ardhini, hewa ipite bila kuzuiwa na ukuta wala mti, na kusiwe na jiko la mama ntilie au bomba la jenereta karibu yake. Kihisi kimoja kiwe kando ya barabara kuu, kingine ndani ya mtaa wa makazi, na cha tatu upande ambako upepo unatoka, ili tujue tunapokea nini kutoka kwa wengine na tunaongeza nini sisi wenyewe.

Kwa njia ya kufuata: Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, na taarifa ya mkakati wa fedha ifikapo tarehe 28 Februari. Jambo lisiloingia katika mpango wa Septemba ni vigumu kulipatia fedha mwaka unaofuata. Nitaandika rasimu ya memoranda ya kurasa mbili na kuiweka hapa. Muuguzi, nakuomba uandike aya ya jikoni na ya akina mama wa mgongo wazi. Mzee wa Webuye, andika ya kiwanda, kwa jinsi mlivyoulizwa takwimu mkakosa. Mwalimu atuangalizie sehemu ya gesi, na ndugu wa Kibuye atuorodheshee ni wapi na saa ngapi taka huchomwa sokoni, kwa kuwa hakuna ramani ya setilaiti itakayotupa hilo.

Muuguzi wa Obunga

Nitaandika. Lakini memoranda itaje pia kwamba kifaa cha kuvaa kiwekwe kwenye orodha ya ununuzi tangu mwanzo, na kwamba akina mama wakubaliwe kuona namba zao wenyewe siku hiyo hiyo, kabla hazijapelekwa kwa mtafiti yeyote.

Mwanzilishi wa uzi

Imekubaliwa, naliweka kama sharti katika ukurasa wa kwanza.